Mobutu aliwezaje kuitawala Zaire peke yake, na kwa nini ilianguka upesi vile?

Swali: Nilikuwa mtoto hapa Kigoma mwaka 1996 wakimbizi walipoanza kuvuka ziwa kutoka Uvira na Fizi, na nakumbuka wazee wakishangaa kwamba dola kubwa kama Zaire inavunjwa na vijana waliovaa mabuti ya mvua. Mtu mmoja aliwezaje kuishika nchi ile kwa zaidi ya miaka 30, kisha ikamponyoka kwa miezi saba? Na je, utawala ule ulikuwa tofauti kweli na chama kimoja tulichokuwa nacho sisi Tanzania?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kudumu kwake na kuanguka kwake kwa pamoja, kwa sababu watu wengi huyatenganisha. Husema kwamba Mobutu alidumu kwa kuwa alikuwa mjanja na katili, kisha husema kwamba alianguka kwa kuwa aliugua na majirani wakamgeuka. Yote hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha kiini cha jambo. Baada ya kuifundisha historia hii kwa miaka mingi, nimeamini kwamba njia zilezile zilizomweka madarakani kuanzia Novemba 1965 hadi Mei 1997 ndizo zilizohakikisha kwamba siku ya hatari isingepatikana hata taasisi moja ya kumsimamia, wala jeshi la kumpigania, wala raia wa kumsikitikia.

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema utawala wa mtu mmoja, hatuna maana kwamba mtu huyo anafanya kila kitu. Zaire, yaani Kongo ya leo, ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na hakuna binadamu awezaye kutoza ushuru Kasindi, kuamua kesi Kananga na kulinda mgodi Kolwezi katika siku moja. Mobutu alihitaji maelfu ya watumishi kama mtawala mwingine yeyote. Uimla wake ulikuwa katika hili: kwamba hakuna hata mmoja kati ya watumishi hao, tangu waziri hadi karani wa tarafa, aliyekuwa na cheo, mali au usalama ambao ungebaki mkononi mwake asubuhi ambayo mkubwa angeamua kuuondoa. Kila kitu kilikuwa mkopo, na mkopeshaji alikuwa mmoja.

Hakufika hapo kwa siku moja, wala hakufika kwa kuwalazimisha watu wote. Joseph-Désiré Mobutu, mzaliwa wa Lisala, alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wabelgiji, kisha mwandishi wa habari, kisha katibu wa Patrice Lumumba, na baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 akawa mnadhimu mkuu wa jeshi. Septemba ya mwaka huohuo, Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walipofukuzana kazi, yeye alitangaza kwamba amewaweka kando wote wawili. Lumumba akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Ikafuata miaka minne ya majimbo kujitenga na maasi, na wewe wa Kigoma huhitaji kuambiwa maasi ya mwaka 1964 yaligharimu nini huko Uvira, Fizi na Kisangani. Kwa hiyo majenerali walipompa Mobutu urais usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1965, naye akaahidi kutawala kwa miaka 5 tu ili kuirudisha nchi katika utulivu, wengi walishusha pumzi. Bunge lenyewe lilimpokea kwa makofi. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapenda kudhani kwamba uimla huingia kwa kuvunja mlango, ilhali mara nyingi hukaribishwa na watu waliochoka, na uchovu wao una sababu za haki kabisa.

Hofu ilikuja haraka. Mwaka 1966 wanasiasa wanne, miongoni mwao Évariste Kimba aliyekuwa amewahi kuwa waziri mkuu, walishtakiwa kwa njama ya kupindua serikali, wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi katika kikao kifupi mno, na tarehe 2 Juni wakanyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati wa maelfu ya watu. Mwaka 1968 Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu, alirudi kutoka ng'ambo ya mto baada ya kuahidiwa msamaha, naye akauawa. Mtu mwenye akili hakuhitaji mfano wa tatu. Hata hivyo hofu peke yake hudumu kidogo, kwa kuwa mtu mwenye hofu huendelea kutafuta pa kutokea, na Mobutu alilifahamu hilo vizuri. Ndiyo maana kazi yake kubwa katika miaka ile ya mwanzo ilikuwa kuziba kila mahali ambapo mtu mwingine angeweza kusimama kwa miguu yake.

Alianza na majimbo. Nchi ilikuwa imegawanyika katika majimbo zaidi ya 20, kila moja likiwa na baraza lake na gavana wake mwenye watu wake. Kufikia mwisho wa mwaka 1966 yalibaki 8, mabaraza yakanyang'anywa uwezo, na gavana akawa mtumishi anayeteuliwa na rais na kupelekwa mbali na kwao, mahali asipokuwa na ukoo wala wapiga kura. Oktoba ya mwaka huo cheo cha waziri mkuu nacho kikafutwa. Mwaka 1967 kikaanzishwa chama, Harakati ya Umma ya Mapinduzi, kilichojulikana kwa herufi za Kifaransa kama MPR, na mwaka 1970 kikawa chama pekee. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka huo mgombea alikuwa mmoja, karatasi ya kijani ilikuwa ya kumkubali na nyekundu ya kumkataa, na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa zaidi ya kura milioni 10 za ndiyo na kura 157 za hapana.

Watu hukicheka kioja hicho cha kura 157, lakini mimi naona marekebisho ya katiba ya mwaka 1974 yana uzito mkubwa zaidi. Katiba hiyo ilitamka kwamba itikadi ya taifa ni Umobutu, yaani mawazo, mafundisho na matendo ya mtu mmoja aliye hai. Ilitamka pia kwamba mwenyekiti wa chama ndiye rais wa nchi kwa sababu ya uenyekiti wake, na kwamba yeye ndiye mkuu wa kamati ya siasa, wa mkutano mkuu, wa bunge, wa baraza la mawaziri na wa baraza la mahakama. Angalia jambo hilo kwa makini. Sehemu nyingi wadikteta huivunja katiba, au huiweka kabatini na kutawala kwa amri. Kwa Zaire katiba iliandikwa upya hata ikawa picha ya mtu mwenyewe, kiasi kwamba hakimu aliyetaka kuitii sheria alilazimika kumtii yeye. Raia naye hakuwa na pa kukimbilia, kwani kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na wimbo wa chama kwa Kilingala ulisema wazi kwamba upende usipende, umo ndani ya MPR.

Kelele za mavazi na majina ya wakati huo zilikuwa sehemu ya kazi hiyohiyo. Nchi iliitwa Zaire tangu Oktoba 1971, majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, suti na tai zikaachia nafasi vazi la abacost, na rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Mimi siwadharau waliofurahia kurudishiwa majina ya babu zao, kwa maana ukoloni wa Wabelgiji ulikuwa umewadhalilisha vibaya sana. Lakini Kardinali Malula alipothubutu kuhoji ni nani mwenye haki ya kusema nini ni asili yetu, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka 1972, na mwaka 1974 Krismasi ikaacha kuwa siku ya mapumziko ya taifa. Kanisa Katoliki lilikuwa na shule, hospitali, magazeti na waumini ambao halikupewa na rais, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kuwa moyo wa mfumo mzima, nalo ni namna alivyowazungusha watu. Sisi husema panguapangua pale mawaziri wanapobadilishwa. Huko Zaire panguapangua ilikuwa ndiyo serikali yenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, msomi, na kwa muda mrefu waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1977 alishtakiwa kwa uhaini, akateswa gerezani kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, akahukumiwa kifo. Hukumu ikapunguzwa, kisha akasamehewa, na mwaka 1979 akarudishwa katika wizara ileile ya mambo ya nje; mwaka uliofuata akawa mkuu wa shughuli za serikali. Mwaka 1981 alikimbilia Ubelgiji, akaandika kitabu cha kumshutumu Mobutu, akaenda Marekani kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge juu ya wizi wa fedha za umma. Mwaka 1985 alirudi nyumbani, mwaka uliofuata akapelekwa Washington kuwa balozi wa mtu yuleyule aliyemshtaki huko, mwaka 1988 akawa tena waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1991, baada ya kuwa mmoja wa viongozi wa upinzani, akakubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu.

Nimekusimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho hadithi za gereza na kitanzi haziwezi kuonyesha. Mobutu angeweza kumuua Nguza mwaka 1977, na mataifa yangelalamika wiki mbili yakanyamaza. Kumsamehe kulimfaa zaidi. Mtu aliyeuawa huacha wana wa kulipiza kisasi na huwa shujaa; mtu aliyehukumiwa kifo, kisha akapewa wizara, huwa ushahidi unaotembea kwamba mkubwa anaweza yote, na maneno yake ya upinzani hayaaminiki tena na mtu yeyote. Vilevile kila mwenye cheo aliishi akijua kwamba muda wake ni mfupi. Kamishna wa jimbo ambaye huenda angehamishwa baada ya miezi 18 hakuwa na sababu ya kujenga barabara ambayo mwingine angeizindua, ila alikuwa na kila sababu ya kukusanya alichoweza kabla gari halijaja kumchukua. Na kwa kuwa wote walikusanya, wote walikuwa na faili, na faili lingefunguliwa siku atakayotaka mwenye nalo.

Mali ilifuata njia hiyohiyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni, wengi wao wakiwa Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi na Wapakistani, zingepewa raia wa Zaire. Kwa masikio ya mtu aliyeishi chini ya ukoloni tangazo lile lilikuwa la haki, na msingi wake si wa kubeza. Lakini hapakuwa na ushirika ulioandaliwa, wala mnada, wala mkopo wa benki kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiijua kazi. Mali iligawiwa kwa orodha, na kwenye orodha walikuwamo wakubwa wa chama, makamishna, maofisa wa jeshi na jamaa zao, huku rais mwenyewe akiibuka kuwa mmoja wa wamiliki wakubwa wa mashamba nchini. Waliopewa maduka wengi waliuza kilichokuwa rafuni na hawakujua wapi pa kuagiza kingine. Chumvi, sabuni na vipuri vikaadimika vijijini, magari yaliyokuwa yakibeba mahindi na kahawa yakasimama, na kufikia mwaka 1976 serikali ikawa inawaita wenyewe warudi kuchukua walichonyang'anywa. Wengi hawakurudi. Jambo linalonihuzunisha zaidi ni kwamba nchi ilipoteza kwa mara moja tabaka la wafanyabiashara wa kigeni bila kuzaa la wenyeji, kwa sababu waliopewa mali hawakuwa na mali: walikuwa na upendeleo wa rais, nao ungeweza kuondolewa.

Wakati huohuo bei ya shaba katika soko la dunia iliporomoka, na kufikia mwanzoni mwa 1975 ilikuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa mwaka uliotangulia. Zaire ilikuwa imekopa kana kwamba bei ile ingedumu milele. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kushika usimamizi ndani ya Benki ya Zaire; aliondoka baada ya takriban mwaka mmoja, na katika taarifa yake ya mwaka 1982 alisema wazi kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao, kwa sababu hakuna mpaka kati ya hazina ya taifa na mfuko wa rais. Wakopeshaji waliisoma taarifa hiyo na wakaendelea kukopesha. Kampuni ya serikali ya madini, Gécamines, iliyozaliwa baada ya Wabelgiji kunyang'anywa migodi ya Katanga mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980; kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000, kwa kuwa faida ilichukuliwa na mashine hazikununuliwa.

Huku chini, mwalimu, nesi na askari waliachiwa wajitegemee. Wakongo wana msemo wa kifungu cha 15, kifungu ambacho hakimo katika katiba yoyote na ambacho maana yake ni jitafutie mwenyewe. Mwalimu alilipwa na wazazi, nesi na mgonjwa, askari na msafiri kwenye kizuizi cha barabarani, na karani hakugonga muhuri bila matabishi, yaani chai ya mkononi. Wapo wanaoona katika hayo uhodari wa watu kuishi bila serikali, na uhodari huo upo kweli. Mimi naona pia kwamba dola ilikuwa imekwisha kufa miaka mingi kabla ya mwaka 1996, na kilichobaki kilikuwa bendera, vizuizi vya barabarani na mtu mmoja.

Hapo lazima niongeze upande wa nje, kwa maana si haki kuwabebesha Wazaire peke yao. Mobutu alikuwa rafiki wa Marekani, Ufaransa na Ubelgiji katika vita baridi, na mara mbili urafiki huo ulimwokoa waziwazi. Mwaka 1977 askari wa zamani wa Katanga walipoingia Shaba, jina jipya la jimbo hilohilo la Katanga, kutokea Angola, jeshi lake lilikimbia, na wanajeshi wa Morocco waliosafirishwa kwa ndege za Ufaransa ndio waliolirudisha jimbo hilo. Mwaka 1978 walirudi na kuuteka mji wa Kolwezi, na safari hii waliondolewa na askari wa miavuli wa Kifaransa na wa Kibelgiji. Kiongozi mwingine angejifunza kwamba anahitaji jeshi la kweli. Mobutu alijifunza kwamba atapata jeshi la kuazima, na kwamba jeshi la kweli lingeweza kumpindua kama yeye alivyowapindua wenzake. Kwa hiyo aliligawa: Kikosi Maalumu cha Rais, kilichojaa watu wa Wangbandi wa nyumbani kwake, kililipwa na kuvishwa, walinzi wa raia wakawa chini ya jenerali mwingine, idara za upelelezi zikachunguzana zenyewe kwa zenyewe, na askari wa kawaida wa Kivu na Kasai akabaki na bunduki lakini bila mshahara wa kumfikisha katikati ya mwezi.

Matokeo yalionekana Septemba 1991, pale askari wa miavuli wa kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili walipoingia mitaani Kinshasa kupora, na raia wakawafuata. Januari 1993 walipora tena, kwa sababu walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Kufikia hapo vita baridi vilikuwa vimekwisha, Mobutu alikuwa ameruhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990 huku machozi yakimlengalenga, na Mkutano Mkuu wa Taifa chini ya Askofu Mkuu Monsengwo ulikuwa umemchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mwaka 1992. Hata hivyo Mobutu alidumu miaka mingine mitano. Aliruhusu vyama hadi vikawa zaidi ya 200, vingi vikiishi kwa fedha zake, akawateua mawaziri wakuu kutoka upinzani wenyewe, na kwa muda nchi ikawa na serikali mbili katika mji mmoja. Aliishi Gbadolite, katika kasri la msituni lenye uwanja wa ndege wa kutosha kutua Concorde, akiwa mbali na kila kitu isipokuwa uwezo wa kumzuia mwingine asitawale.

Sasa kuhusu Tanzania. Ni kweli kwamba sisi tulikuwa na chama kimoja kisheria tangu 1965, kwamba sheria ya kuwaweka watu kizuizini ilikuwapo tangu 1962 na ilitumika, na kwamba watu walihamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji. Hayo siyafichi, na waliotendewa wana haki ya kuyasema. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, na Paul Bomani, waziri wa fedha, alishindwa na wapiga kura wa kwao. Hakushindwa kwa sababu rais amemchoka. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985, chama kikakaa, kikamteua Ali Hassan Mwinyi, na Jumatatu iliyofuata makarani walienda kazini kama kawaida. Chama kilikuwa na vikao, vikao vilikuwa na kumbukumbu, na cheo kilikuwa na maana hata mwenye nacho alipobadilika. Zaire, mtu aliyeuliza kwa sauti ni nani atamfuata Mobutu alikuwa anajitafutia balaa. Chama kimoja kinaweza kugeuka kuwa mtu mmoja, na sehemu nyingi za Afrika kiligeuka. Lakini ukitaka kujua kama kimegeuka, usihesabu vyama, tazama kama yupo mtu anayeweza kupoteza au kupata madaraka kwa njia isiyopita mkononi mwa mkubwa.

Nirudi kwenye mabuti ya mvua. Wazee wako waliona sawa, ila waliona sehemu tu. Wale kadogo, askari vijana waliokuja na kiongozi wa waasi Laurent Kabila, wakiongea Kiswahili hadi mitaa ya Kinshasa iliyozoea kusikia askari wakiongea Kilingala, hawakuwa peke yao. Nyuma yao, na mara nyingi mbele yao, walikuwapo wanajeshi wa Rwanda na Uganda, na baadaye Angola iliingia. Katika misitu ya mashariki waliuawa pia maelfu ya wakimbizi Wahutu wasio na silaha, na kifo chao hakipaswi kupotea ndani ya hadithi ya anguko la dikteta. Agosti 1996 Mobutu alikuwa Lausanne akifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi mwishoni mwa Oktoba, ikafuata Bukavu, kisha Goma mwanzoni mwa Novemba. Askari wa serikali walipora miji waliyopaswa kuilinda, kisha wakaiacha. Kisangani ilitekwa Machi 1997, Lubumbashi Aprili, na sehemu nyingi raia waliwapokea wageni kwa nyimbo, si kwa kuwa waliwajua, bali kwa kuwa waliwajua waliokuwa wanaondoka. Hakukuwa na gavana mwenye watu wake wa kuandaa ulinzi wa jimbo, kwa maana magavana wa namna hiyo walikomeshwa mwaka 1966. Hakukuwa na wafanyabiashara wa kuchangia vita, wala bunge la kumpa mtu mwingine madaraka ya kujadiliana kwa niaba ya nchi. Mazungumzo yalifanyika tarehe 4 Mei katika meli ya Afrika Kusini huko Pointe-Noire, mbele ya Rais Mandela, baina ya Kabila na mgonjwa aliyeshindwa hata kupanda ngazi ya meli kwa miguu yake.

Tarehe 16 Mei Mobutu aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite. Usiku huo Jenerali Mahele, mmoja wa maofisa wachache walioheshimiwa kwa kujua vita, alikwenda katika kambi ya Kikosi Maalumu cha Rais kuwasihi askari wasimwage damu mjini kwa ajili ya vita iliyokwisha kushindwa, nao wakamuua kwa kumwita msaliti. Kesho yake waasi waliingia mjini bila mapigano makubwa. Muda mfupi baadaye, huko Gbadolite, ndege ya mizigo iliyomchukua Mobutu na familia yake kuelekea Togo ilipigwa risasi ilipokuwa ikipaa, na waliofyatua walikuwa askari wa kikosi hichohicho, vijana wa nyumbani kwake, walioona kwamba baba anaondoka na kuwaacha. Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba 1997, na kaburi lake liko huko.